Ioni za Zinki au Protoni? Mmenyuko wa Kathodi katika Betri ya Zinki na Manganisi Dioksidi

Betri ya zinki yenye elektroliti ya maji haishiki moto kwa urahisi, na kila gramu ya zinki huweza kutoa takriban miliampea-saa 820. Betri inapotoa umeme, kila atomu ya zinki kwenye anodi huachia elektroni mbili na kuingia katika mmumunyo ikiwa ioni. Suala lenye utata ni kile kinachoingia katika manganisi dioksidi ya kathodi: ioni za zinki au protoni zitokanazo na maji.

Ushahidi mmojawapo ni mashapo. Katika mmumunyo wa zinki salfeti, mashapo ya zinki hidroksidi salfeti hujitokeza juu ya kathodi betri inapotoa umeme, na huyeyuka inapochajiwa. Mashapo hayo huhitaji ioni za hidroksidi, ambazo hubaki pale protoni zinapoingia kathodini. Hivyo, protoni hushiriki; lakini mashapo pekee hayathibitishi kwamba ioni za zinki haziingii.

Tofauti hii ina uzito. Mtafiti anayehesabu uwezo wote wa kathodi kuwa umetokana na ioni za zinki hupuuza mabadiliko ya pH, ambayo huathiri pia kiasi cha manganisi kinachoyeyuka na kufupisha maisha ya betri.