Mbona Peke Yako, Mmegombana?

Februari iliyopita nilimpigia mama simu Tanga nikiwa nimekaa kwenye benchi pale Kleine Scheidegg, Uswisi, mita 2,061 juu ya usawa wa bahari, jua la baridi likinipiga usoni. Akauliza wajukuu wake wako wapi. Nikamjibu wako bondeni na baba yao. Akanyamaza kidogo. "Na wewe?" Niko mlimani, mama, peke yangu. "Mmegombana?"

Hatukugombana. Ilikuwa zamu yangu.

Tunaishi Basel, ambako shule hufungwa kila mwaka wakati wa baridi na watu humiminika milimani. Sisi huenda Grindelwald wiki moja. Miaka miwili ya mwanzo tulifanya kila kitu pamoja, wote wanne tumeongozana kama kuku na vifaranga, tukarudi nyumbani hoi kuliko tulivyoondoka. Asiyewahi kumvika mtoto wa miaka mitatu nguo za theluji hajui ninachosema. Fulana ya ndani, soksi ndefu, sweta, ovaroli nene, buti, shali, kofia, kisha glovu ambazo kidole gumba hakikubali kuingia mahali pake. Nusu saa hiyo. Unafunga zipu ya mwisho jasho linakutoka, mnafika mlangoni, anakuambia: "Mama, mkojo."

Nyumbani Tanga shida hii ina dawa, na dawa yenyewe ni shangazi. Au bibi, au binti wa jirani. Mtoto hupita mikono mingi, mama akaenda zake harusini, baba akaenda barazani, wala hakuna anayeona kuwa hayo ni mapumziko. Huku mikono ni minne tu, yangu na ya baba watoto. Ndipo tukaingiza zamu: leo yeye yuko huru kutwa nzima na watoto ni wangu, kesho tunakuwa wote, keshokutwa naondoka mimi. Hatukuvumbua kitu. Wazazi wa huku wameshazoea, na baadhi ya vituo vya ski huuza tiketi moja ya wazazi wawili: mmoja akishuka, mwenzake anaipokea na kupanda.

Zamu ya kwanza ilikuwa yake. Baba watoto hajui ski na hana mpango wa kujifunza, kwa hiyo alikodi velogemel. Hiyo ni baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na mahali pa magurudumu ina miguu ya kutelezea. Ilibuniwa hapo hapo Grindelwald na fundi Christian Bühlmann mwaka 1911. Aliyeiona chukudu, baiskeli ya mbao ya kule Goma, Kongo, atamtambua ndugu yake mara moja, ila chukudu hubeba magunia ya viazi na makaa, na hii ilimbeba mwanaume wa Mombasa mwenye kilo tisini akiwapigia Waswisi kelele "Pisheni!" kwa Kiswahili safi. Hayo ni kwa maelezo yake mwenyewe. Nilichokiona mimi ni suruali iliyolowa, goti lililochubuka, na kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mtoto wa kwanza azaliwe.

Yangu niliiharibu. Saa nne nilikuwa nimeshapiga simu mara mbili kuuliza kama mdogo amekula. Saa sita niko dukani nachagua glovu za watoto. Saa nane nimerudi. "Mbona mapema, mama watoto?" Walikuwa wamechimba pango kwenye theluji, wamekaa ndani wote watatu wakila chapati za jana. Hakuna aliyekuwa ameniulizia. Niliona wivu, nakiri. Kisha nikaona jingine: nikiwepo, mume wangu huniuliza soksi ziko wapi. Siku ile hakuuliza, na watoto walikuwa na soksi.

Usiku tukawekeana masharti. Siku ni siku, kuanzia saa tatu asubuhi hadi giza liingie. Nusu siku ni danganya toto. Simu ni ya dharura tu. Anayerudi hapokelewi na mashtaka kabla hajavua buti. Na fedha ziwe sawa, maana nauli ya treni ya Jungfraujoch, kituo cha reli kilicho juu kuliko vyote Ulaya, mita 3,454, si ya mchezo.

Sikwenda Jungfraujoch. Zamu yangu ya pili niliishia Kleine Scheidegg, nikaagiza chai na kuukodolea macho ukuta wa kaskazini wa mlima Eiger, ambao haukupandwa na mtu hadi mwaka 1938. Saa ya kwanza nilikuwa mpweke kwelikweli. Ya pili nikasahau kutazama saa. Ndipo nikampigia mama, na kumpigia mama hakuvunji masharti.

Nikamweleza yote. Akacheka. "Basi kunywa chai yako, mwanangu."

Februari ijayo tumelipia siku sita: mbili zake, mbili zangu, mbili za wote. Ya kwanza ni yangu, na safari hii velogemel nakodi mimi.