Pori Lisilo na Mwenyewe: Je, Anayelitwaa Huwa Lake?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tumeletewa suali na familia moja ya Unguja. Kijana wao anafanya kazi Dodoma, na huko upande wa Kongwa ameliona pori lisilo na nyumba wala shamba. Anataka kulizungushia uzio na kuligawa viwanja, na amewaomba wazee wamchangie fedha. Walipomuuliza pori ni la nani, alijibu kwamba halina mwenyewe, akawaonyesha kwenye simu khabari za Wamarekani waliotwaa ardhi isiyo na mwenyewe na kujitangazia dola. Wanauliza dini inasemaje.

Tuanze na hao Wamarekani. Mwaka 2001 Travis McHenry alijitangazia umiliki wa sehemu ya Antaktika iitwayo Marie Byrd Land, nchi ya barafu isiyodaiwa na taifa lolote, akaanzisha anachokiita Westarctica. Hadi leo hakuna serikali iliyoitambua. Mkataba wa Antaktika, uliotiwa saini mwaka 1959 na kuanza kutumika mwaka 1961, umefunga mlango wa madai mapya ya ardhi huko. Mwaka 2014 Jeremiah Heaton alisimika bendera Bir Tawil, baina ya Misri na Sudan, ili binti yake aitwe binti mfalme. Ni kweli kwamba Misri na Sudan kila moja inasema ardhi hiyo si yake. Lakini Waababda na Wabishari, wafugaji Waislamu, huchunga mifugo yao huko. Bendera ilisimikwa na wao hawakuulizwa.

Fiqhi yetu inao mlango mzima wa jambo hili, uitwao *ihyaa al-mawaat*, yaani kuhuisha ardhi iliyofa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayeihuisha ardhi iliyofa huwa ni yake, na hapo hapo akatutahadharisha kwamba aliyepanda kwa dhulma hana haki. Kwa hiyo asili ya jambo hili ni halali, lakini ina masharti.

Sharti la kwanza, ardhi iwe imekufa kweli, haina mmiliki. Sharti la pili, isiwe *hariim*, yaani eneo ambalo watu wa mji au kijiji wanalihitaji kwa malisho, kuni, njia na visima. Eneo hilo halihuishwi hata kama halina jengo. Sharti la tatu, ihuishwe kwa kazi: kulimwa, kuchimbwa kisima, kujengwa. Kuzungushia uzio peke yake hakumilikishi. Sayyidna Umar (R.A.) alihukumu kwamba aliyeweka alama kisha akaiacha ardhi miaka mitatu hana haki nayo tena. Bendera na uzio ni alama tu.

Ama idhini ya mtawala, Imamu Abu Hanifa ameifanya ni sharti. Kwa Imamu Shafi, ambaye sisi wa visiwani tunafuata madhehebu yake, si sharti, bali inapendeza. Lakini mtawala akiweka utaratibu wa kuzuia watu kudhulumiana, kumtii katika wema ni wajibu.

Sasa turudi Kongwa, maana hapo pana mazingatio. Mwaka 1947 Waingereza walilitazama pori hilo hilo wakaliona tupu, wakaleta matrekta kulima karanga. Ardhi ilikuwa ngumu, majembe yakavunjika kwenye mizizi, mvua ikakosekana. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya kuteketea zaidi ya pauni milioni 30. Wagogo waliokuwa wakichunga na kulima huko walijua tangu zamani kwamba mvua ya Ugogo ni ya msimu mmoja na haina ahadi. Mfugaji huhama na mifugo kutafuta majani, kisha hurudi. Anayepita wakati wa kiangazi asione mtu, hajaona ardhi iliyofa. Ameona malisho yanayosubiri mvua.

Kwa upande wa sheria, Tanzania Bara haina ardhi isiyo na mwangalizi. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, na Rais ameishika kwa amana kwa niaba ya wananchi. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, chini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, thamani ya viwanja imepanda, na tamaa imepanda pamoja nayo.

Kwa hiyo jawabu letu ni hili. Haijuzu kwa kijana huyo kulizungushia uzio pori hilo, wala kuuza kiwanja humo, kwa sababu atakuwa anauza asichokimiliki. Wazee wasimchangie kwa njia hiyo. Yeye ni Mtanzania na mlango wa halali uko wazi: aende kijijini, aulize kwa wazee wa hapo nani huchunga na nani huchota maji, kisha apeleke ombi lake kwa Halmashauri ya Kijiji. Akitaka kiwanja cha mjini, aende Halmashauri ya Jiji. Akipewa kwa haki, hapo wamchangie, na Mwenyezi Mungu amtilie baraka.

Na tumkumbushe kwa upole. Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba anayechukua ardhi kwa dhulma, japo shubiri moja, atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Hatukuambiwa kwamba shubiri ya porini imesamehewa.

Wallahu a'lam.