Elimu ya Falsafa na Imani ya Kijana

Ndugu Waislamu, wapo wazazi wanaoingiwa na hofu kijana wao anapotaka kusomea shahada ya uzamili katika theolojia na falsafa ya dini. Wanachelea asije akarudi na shahada mkononi ilhali imani imemtoka moyoni.

Hofu hiyo si ngeni. Mwaka 1091 Imamu Ghazali aliteuliwa kusomesha Madrasa ya Nidhamiya, Baghdad. Katika kitabu chake Al-Munqidh anaeleza kuwa, huku akiwa na wanafunzi 300, aliisoma falsafa katika nafasi zake kwa muda usiotimia miaka miwili, kisha akaitafakari kwa takriban mwaka mmoja. Ndipo alipowajibu wanafalsafa. Kwake, kuikosoa elimu usiyoijua ni kurusha mshale gizani. Hata hivyo alionya kuwa asiyejua kuogelea azuiwe asikaribie ukingo wa maji.

Basi wazazi tujiulize kabla ya kumruhusu au kumkataza: je, tumemsomesha tauhidi ikamkaa? Anaye mwanachuoni wa kumrejea shaka zikimjia? Kama hana, tuanzie hapo. Wallahu a'lam.