TULIKWENDA KUTAZAMA BESIBOLI



Khabari hii ilianza kwa ugomvi wa nyumbani. Mpwa wetu, mwana wa dada yetu anayekaa Kibaha, alikuwa mwanafunzi wa sekondari mwaka 2018 aliporudi siku moja na glavu kubwa ya ngozi, akawaambia wazee wake kwamba amechaguliwa katika timu ya besiboli, na kwamba mwezi wa Desemba watakwenda Dar es Salaam kushindana. Baba yake hakuuchukia mchezo. Alichokichukia ni jambo moja aliloliona alipopita kando ya kiwanja jioni: vijana wamejipanga mistari miwili, wameelekeana, wakavua kofia, kisha wote kwa pamoja wakainamisha migongo. "Mwanangu hamrukuii mwanadamu," akasema shemeji yetu, na glavu ikafungiwa kabatini.

Dada akatupigia simu sisi huku Kisarawe. "Kaka, wewe ndiye mwalimu wa chuo. Njoo useme neno, maana ndani ya nyumba hii hakuna anayesemeshana na mwenziwe."

Tukaenda. Tukamkuta kijana amenuna, na baba yake amenuna zaidi. Shemeji akatutajia hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwa Anas bin Malik, ya mtu aliyemwuliza Mtume (s.a.w.) kama yafaa mtu amwinamie nduguye anapokutana naye, akaambiwa la, akauliza kama ampe mkono, akaambiwa naam. Hadithi hiyo twaijua, na tumewasomesha wengine. Walakini kijana naye alikuwa na lake. Akasema kwa adabu: "Mjomba, mimi kila asubuhi nakwambieni shikamoo, na wazee husema asili yake ni nashika miguu yako. Mbona baba huitikia marahaba?"

Dada akageuza uso ili asionekane anacheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa swali lilikuwa na uzito. Tukasema: hatutatoa neno juu ya jambo tusiloliona. Mwacheni acheze, nasi tutakwenda kutazama kwa macho yetu, kisha tutaleta khabari kama zilivyo. Shemeji akakubali, kwa shingo upande.

Wala kutazama mchezo si jambo geni kwetu. Bibi Aisha (r.a.) aliwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki msikitini, na Mtume mwenyewe akasimama kumsitiri mpaka yeye alipochoka kutazama. Twalitaja hili kwa sababu jirani mmoja alituuliza mwalimu wa chuo anakwenda kutafuta nini uwanjani.

Kabla ya kwenda tuliuliza mchezo huu umetoka wapi. Asili yake ni Marekani. Mwaka 1872 mwalimu wa Kimarekani, Horace Wilson, aliwafundisha wanafunzi wake mjini Tokyo, na Wajapani wakaushika kama kwamba ni wao. Toka mwaka 1915 shule zao za sekondari hushindana kila kiangazi, ila miaka michache, kama ile ya vita na mwaka 2020 wa maradhi ya korona. Na toka mwaka 1924 mashindano hayo huchezwa katika uwanja uitwao Koshien. Timu ikifungwa mara moja tu, safari yake imekwisha. Hapo vijana hupiga magoti, huchota udongo wa uwanja, wakautia mfukoni waende nao kwao.

Kuna kisa kimoja katika khabari za Koshien ambacho hatujakisahau. Mwaka 1958 vijana wa shule ya Shuri, kutoka kisiwa cha Okinawa, walifungwa, wakachota udongo wao kama ada. Okinawa wakati ule ilikuwa chini ya utawala wa Marekani, na sheria ya kuzuia maradhi ya mimea ilikataza kuingiza udongo wa kigeni. Basi walipofika bandarini udongo ukatwaliwa ukatupwa. Udongo wa nchi yao wenyewe! Baadaye mtumishi mmoja wa ndege aliisikia khabari hiyo, akawafanyia mpango wa kupelekewa vijiwe vya Koshien, maana jiwe halikukatazwa.

Huku kwetu aliyeuleta mchezo mashuleni ni Bwana Shinya Tomonari, aliyekuwa mtumishi wa shirika la Japani la JICA, naye alikwisha kuufundisha Ghana kabla ya hapo. Mwaka 2012 alianza na shule za Azania na Kibasila, Dar es Salaam, na baadaye mashindano ya taifa yakapewa jina lile lile la Koshien, kwa maneno matatu: nidhamu, heshima, haki. Hiyo Desemba ya 2018 ndipo ulipofunguliwa uwanja mpya hapo Azania, uliojengwa kwa msaada wa Serikali ya Japani.

Siku ya kwanza tuliondoka Kisarawe baada ya sala ya alfajiri, tukapita Pugu na Gongo la Mboto tumebanwa kama dagaa, tukafika Upanga jua limekwisha kuwa kali. Twakiri kwamba saa nzima ya kwanza hatukufahamu kitu. Tulidhani ni ile kriketi ya Wahindi, kumbe sivyo. Kijana mmoja, mrushaji, husimama mbali kiasi cha mita 18 na nusu, akautupa mpira kwa nguvu zake zote. Mpigaji amesimama na gongo lake la mviringo. Akiukosa mara tatu, ametoka. Akiupiga vizuri hukimbia kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka arudi alipoanzia, na hapo ndipo timu yake hupata alama moja. Watatu wakitolewa, timu hubadilishana zamu. Mzee mmoja aliyekaa kando yetu, ambaye mjukuu wake alikuwa akicheza, ndiye aliyetufahamisha, na kila tulipouliza swali la kijinga alijibu kwa upole.

Jambo lililotufungua macho ni hili. Mpwa wetu alipopewa gongo, mwenziwe alikuwa kituo cha kwanza. Hakuupiga mpira kwa nguvu; aliugusa tu kidogo, ukaanguka karibu na miguu yake, akakimbia hali akijua kuwa atatolewa. Akatolewa kweli, nasi tukasikitika. Yule mzee akatushika mkono: "Mwalimu, usihuzunike. Ameagizwa afanye hivyo. Yeye ametoka ili mwenziwe asogee kituo cha pili." Tukatazama: kweli mwenziwe alikuwa kituo cha pili, na baadaye akarudi nyumbani na alama. Tokea hapo hatukuweza tena kukaa kimya. Kofia yetu ilianguka mara mbili kwa kupiga makofi, na sauti tunayoitumia kuwakemea watoto chuoni ikatumika kwa kazi nyingine.

Walipomaliza walijipanga, nasi tukasogea karibu, maana hilo ndilo lililotuleta. Waliinama, naam. Hatukuona sanamu wala ibada. Tuliona vijana wakiwashukuru waliocheza nao. Hata hivyo kuinama ni kuinama, na shemeji hakulisema hilo kwa ujinga. Tukamfuata mwalimu wao wa mchezo, tukamwuliza: kijana asipoinama, je, atafukuzwa? Akatujibu: "Mzee, sisi twataka avue kofia, amtazame mwenziwe usoni, asiondoke kwa hasira. Akitoa mkono badala ya kuinama, nani atamlaumu?" Wakati wa adhuhuri ulipofika tuliona vijana kadhaa wakitia udhu kwa maji ya chupa na kusali kando ya ukuta, na wenzao wasio Waislamu wakiwalindia magongo na glavu zao. Hilo hakuna aliyelipangia ratiba.

Siku ya pili ilikuwa siku ya kufungwa. Mpaka zamu ya mwisho timu ya mpwa wetu ilikuwa mbele kwa alama moja. Wapinzani walikuwa na watu wawili vituoni, na wawili wamekwisha kutolewa. Akibaki mmoja tu, mchezo umekwisha. Mpira ukapigwa juu sana, ukaja upande wake. Alikuwa na wakati wa kutosha. Akainua glavu, jua likamwingia machoni, mpira ukagonga ukingo wa glavu ukaanguka nyuma yake. Kwa kuwa wakimbiaji hawakusubiri, wote wawili walirudi nyumbani kabla hajauokota.

Hatujui wasomaji wetu wangapi wamepata kumwona mtoto wao akikosea mbele ya watu. Tulitaka kuteremka uwanjani. Yule mzee akatuzuia kwa kiganja tu.

Wakajipanga. Wa upande wa pili wakainama. Mpwa wetu, machozi yakimtoka, akavua kofia, akaweka mkono wa kulia kifuani, kisha akaunyosha kwa kijana aliyemkabili. Yule, aliyekuwa amekwisha kuinama, akainua kichwa, akauona mkono, akaupokea kwa mikono yake yote miwili. Mwamuzi hakusema neno.

Tulirudi Kibaha pamoja naye jioni ile, kwa mwendokasi mpaka Kimara, kisha daladala. Hakusema kitu njia nzima mpaka Maili Moja, aliposema: "Mjomba, nililiona jua tu." Tukamjibu kuwa hata sisi tuliliona.

Shemeji alikuwa barazani. Tukampa khabari kama tulivyoahidi, bila ya kuongeza wala kupunguza: wenziwe wameinama, yeye ametoa mkono, hakuna aliyemkasirikia, wamesali kwa wakati, na wamefungwa, na mpira wa mwisho umemponyoka mwanao. Alinyamaza kitambo. Sisi tulikuwa tumetayarisha maneno mengi ya kumjibu, na hadithi zake, na hoja ya shikamoo pia. Hakuuliza hata moja katika hayo. Aliuliza: "Ulimponyoka vipi?"

Kijana akasimama akamwonyesha: glavu ilikuwa hapa, jua pale. Baba akamtazama, akaivuta ile glavu, akaivaa mkono usio wake, akatoka nayo uani. "Utupe juu," akasema. "Juu zaidi. Nataka nione."

Mpaka ilipoadhiniwa magharibi alikuwa amedaka mitatu.