Mchunga: Mboga Tunayoikanyaga



Baada ya mvua za juzi, mwanafunzi wetu mmoja alituletea ua dogo la manjano alilolichuma kando ya ukuta wa chuo, akauliza: "Maalim, gugu hili lang'olewa au laachwa?" Tulipomwambia kwamba nyanyake amelelewa kwa majani yake, alicheka. Kicheko kile kilitusikitisha, nasi tukaona ni wajibu kuandika haya.

Ua hilo ni la mchunga. Wataalamu wa mimea huuita Launaea cornuta, nao huuhesabu katika ukoo mmoja na alizeti na saladi. Kionekanacho kuwa ua moja ni mkusanyiko wa vijiua vingi, na kila mbegu hupewa manyoya meupe ya kuchukuliwa na upepo. Shina lake lina uwazi ndani. Likivunjwa hutoa utomvu kama maziwa. Hata likikatwa, mizizi itambaayo chini ya ardhi hubaki hai, na mvua ikirudi huchipua upya. Ndiyo sababu mkulima aulaumu mmea huu, na mwenye njaa amshukuru Mola kwa ajili yake.

Hapa Pwani, visiwani na bara, humea kandokando ya njia, mashambani na katika viwanja vitupu, hasa penye unyevu. Mama zetu Waswahili na Wamijikenda huchuma majani machanga kabla ya mmea kutoa maua, wakayachemsha na kumwaga maji ya kwanza ili kupunguza ukali. Kisha huyapika kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi, pengine pamoja na mchicha au mnavu, yakaliwa kwa sima. Watoto wafugao sungura nao waujua vizuri.

Wazee pia huchemsha majani na mizizi kwa maumivu ya tumbo na homa. Hatuwapingi, ila twatahadharisha. Jirani yetu mmoja mwenye kisukari aliacha vidonge vyake akategemea maji ya mchunga peke yake. Alifikishwa hospitali hajitambui. Alhamdulillahi, alipona. Kujitibu ni katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.), na tabibu ni sababu mojawapo aliyotuwekea Mwenyezi Mungu. Mboga isimfukuze tabibu.

Tahadhari ya pili ni mahali pa kuchuma. Dini yetu yataka chakula kiwe halali na kiwe kizuri. Mchunga uliomea kwenye mtaro wa maji machafu, jaani, au katika shamba lililopulizwa dawa ya magugu, haufai kuwekwa mbele ya watoto. Viwanja safi navyo vyazidi kujengwa kila mwaka. Basi yafaa tuupande wenyewe.

Kazi ni nyepesi. Mvua zinapokaribia, chukua vipande vya mizizi vyenye urefu wa kidole, uvifukie kwa kina kidogo katika debe kuukuu lililotobolewa chini, lenye mchanga uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza. Mwagilia maji bila kufurikisha. Majani yakikua, chuma ya nje, uache kiini kiendelee kuchipua. Maua yakitokea, yakate kabla mbegu hazijaruka, kwani mizizi yaweza kuzuiwa na debe lakini upepo hauzuiliki, na shamba la jirani lina haki yake.

Mwanafunzi wetu tulimpa kipande cha mzizi ampelekee nyanyake. Nasi twawaomba wazazi: kabla juma hili halijaisha, mshikeni mtoto mkono, mmwonyeshe mchunga ulipo, mpike naye. Wanaoujua vyema ni watu wazima sana, na elimu yao nyingi imo vifuani mwao.

Wabillahi tawfiq.