Mbwa wa Dar Hapandi Ndege Kesho

Mtu mwenye viza anaweza kununua tiketi ya Ujerumani leo na kesho akaondoka. Mbwa wake hawezi. Mbwa wa Dar es Salaam ambaye hajaandaliwa kwa lolote anahitaji takriban miezi minne kabla ya kuruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya. Wenye mbwa hulalamikia urasimu, kumbe kungoja kwenyewe ndiko kipimo.

Chanzo ni tabia ya kirusi cha kichaa cha mbwa. Mnyama aking'atwa, kirusi hakizagai kwenye damu. Hujipenyeza kwenye neva na kupanda polepole kuelekea ubongoni, kwa wiki kadhaa, mara nyingine miezi. Wakati huo wote mbwa anakula, anabweka na kucheza na watoto, na hakuna kipimo cha kuaminika kitakachomfichua. Uthibitisho hutoka kwenye ubongo wa mbwa aliyekwisha kufa. Ndiyo maana Uingereza, kwa miaka mingi, iliwaweka mbwa wageni karantini kwa miezi sita.

Siku hizi mbwa hungojea nyumbani kwao. Kwanza huwekewa chipu chini ya ngozi, ndogo kama punje ya mchele. Haina betri, mashine ya kuisoma huipa nguvu kwa mawimbi ya redio, nayo hujibu kwa namba ya tarakimu 15. Kisha huchanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, maana nani ataapa kwamba aliyechomwa sindano ni mbwa huyuhuyu?

Zikipita siku 30 tangu chanjo, damu huchukuliwa na kupelekwa kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya. Huko majimaji ya damu huchanganywa na virusi hai, kisha huongezwa seli. Kingamwili zikitosha, seli husalimika. Zikipungua, seli zilizoambukizwa hung'aa kijani chini ya hadubini. Kiwango cha kufaulu ni yuniti 0.5 za kimataifa kwa mililita.

Hata aliyefaulu haondoki. Kingamwili zinaonyesha kwamba chanjo imeshika. Hazisemi kama mbwa aling'atwa kabla ya kuchanjwa. Hapo ndipo inapoingia miezi mitatu, inayohesabiwa tangu siku damu ilipochukuliwa. Aliyechanjwa 2 Januari na kutolewa damu 1 Februari ataingia Ulaya 1 Mei, si mapema zaidi.

Yaliyobaki ni mepesi: cheti cha daktari wa mifugo wa serikali, kinachodumu siku 10, na kizimba ambamo mbwa anaweza kusimama na kugeuka. Mbwa wa pua fupi hukataliwa na mashirika mengi ya ndege, na kwa haki kabisa, kwani mbwa hujipoza kwa kuhema na hao huhema kwa shida.

Wengi hukwama kwenye chanjo ya marudio. Ikitolewa kwa wakati, kipimo cha damu hakirudiwi tena maishani. Ikichelewa hata siku moja, kipimo kile kimekufa: mbwa anachanjwa upya, anatolewa damu upya, na miezi mitatu inaanza kuhesabiwa tena.