Kufuatilia Miito ya Fanksheni katika Perl

Kufuatilia miito ni kuifanya programu iandike, kila fanksheni inapoitwa, jina la fanksheni, thamani ilizopokea na mstari ulioiita. Njia hii hufichua makosa ya kimantiki, ambayo Perl haiyatambui yenyewe.

Mfano

Mnunuzi wa alizeti Sepuka, mkoani Singida, amepokea kilo 650 katika magunia 10. Wastani ni kilo 65 kwa gunia, lakini programu inatoa takriban 0.015.

```
1 sub wastani {
2   warn "wastani(@_) mstari ", (caller)[2], "\n";
3   my ($kilo, $magunia) = @_;
4   return $kilo / $magunia;
5 }
6 print wastani(10, 650), "\n";
```

Kumbukumbu inayoandikwa:

```
wastani(10 650) mstari 6
```

Maelezo

Fanksheni ni sahihi. Kosa liko mstari wa 6, ambako magunia yametangulia kilo. Anayekisia angebadili mstari wa 4 na kuharibu miito mingine iliyo sahihi.

Zingatia

Amri `warn` hupeleka ujumbe STDERR, si kwenye matokeo ya kawaida. Uhifadhi kando hivi:

`perl alizeti.pl 2> kumbukumbu.txt`

Swali

Kumbukumbu ikionyesha `wastani(650 10)` na jibu bado si sahihi, utatafuta kosa wapi?

Jibu: Ndani ya fanksheni, kwa kuwa thamani zimeingia kwa mpangilio sahihi.